Kura za Maharage

Nimefanya kazi ya maktaba miaka mingi, na hadi leo sijui mtoto anachagua kitabu kwa kutumia nini. Si macho, maana nimewaona wakipita mbele ya picha za kupendeza kana kwamba wamepita mbele ya ukuta. Si masikio pia, maana ukimsifia kitabu ndiyo kwanza anakikimbia. Wenzangu waliosomea mambo haya wana majibu yote, na kwenye semina wanayaeleza vizuri sana, kwa michoro na mishale. Mimi nasikiliza, naitikia kwa kichwa, nakunywa soda yao, halafu narudi Kigoma nimechanganyikiwa kuliko nilivyoondoka.

Kwetu ni Iringa. Mnajua tunavyosemwa watu wa kule, kwamba hasira zetu ziko karibu na mkono, na mimi sina nguvu za kubisha. Nililetwa huku kikazi nikiwa bado binti, nikaapa kwamba nikikaa kidogo tu naomba uhamisho. Ziwa likanishika, migebuka, samaki wa huku, ikanishika, mume naye akanishika, nikabaki. Kiha nakisikia, lakini nikifungua mdomo kukisema watoto wanaziba midomo yao kwa viganja wasije wakanicheka mbele yangu.

Kwa miaka yote hiyo vitabu vya watoto vilikuwa vinatuangukia tu kutoka kusikojulikana. Boksi linakuja, unalifungua, unakuta watoto waliovaa makoti mpaka puani wanatengeneza sanamu ya theluji. Mtoto mmoja wa Katonga, ambaye barafu anayoijua ni ile ya kuhifadhia samaki, aliniuliza, “Mama, hawa wamejaza barafu yote hii, samaki wako wapi?” Nikamwambia labda bado hawajavua. Akaridhika. Mimi ndiye sikuridhika, na nilikaa na hasira ile siku nzima bila kujua namkasirikia nani.

Basi siku moja mkuu wangu wa kazi akaniita ofisini kwake, akaniambia kwamba safari hii tumeruhusiwa kuchagua wenyewe vitabu vipya vya watoto na vijana. Karibu nimkumbatie. Huyu mkuu wangu ni mtu wa Mtwara, mpole, shati lake halitoki nje ya suruali hata jua liwake vipi, na naomba mnielewe mapema kwamba vitabu anavipenda. Tena anavipenda sana. Tatizo lilikuwa hilo hilo.

Muuza vitabu alikuja na gari lake kutoka Dar es Salaam, amechoka hoi. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Anatuachia nakala moja moja, yeye anaendelea na safari zake za Kasulu na Kibondo, na akirudi anaondoka na tusivyovitaka. Tutakavyovichagua vinabaki kuwa mali ya maktaba. Ni hivyo tu, hakuna cha ziada. Mimi nikadhani nimeelewa, watoto wakadhani wameelewa, na hapo ndipo kila mtu alipoanza kupotea kwa njia yake.

Maana kila niliyemuuliza anipe ushauri alinivuruga zaidi. Mkuu alitaka vitabu vya maadili. Mwalimu mmoja jirani alitaka vya kujibia mitihani. Mzee mmoja wa Ujiji, ambaye wajukuu wake huja kwetu wakitoka madrasa, alisema hana shida na chochote ili mradi hakuna watu wanaobusiana. Mama anayeuza dagaa pale Kibirizi aliniambia, “Dada, wewe lete chenye herufi kubwa, mwanangu macho yake yanamsumbua.” Wote walikuwa na haki. Nikalala nimekasirika, nikaamka nimekasirika, na kwenye chai nikasema basi, watachagua wenyewe watakaovisoma, na asiyetaka akajinyonge.

Nikatandika mkeka mkubwa kwenye chumba cha watoto, nikavipanga vitabu vyote juu yake, na mbele ya kila kitabu nikaweka kikombe cha plastiki. Nikawaambia watoto waje Jumamosi zote, wavisome watakavyo, wavigeuze, wavinuse wakitaka, na Jumamosi ya mwisho kila mmoja nitampa maharage mkononi ayagawe kwenye vikombe. Nilichagua maharage kwa sababu mahindi yangeliwa na kuku wa mlinzi, na karanga zingeliwa na wapiga kura wenyewe. “Kitabu unachotaka kichaguliwe, unakipa harage,” nikasema. “Mmeelewa?”

“Ndiyoooo!”

Loh! Ile “ndiyo” ya watoto wa nchi hii. Ukimuuliza mtoto kama ameelewa atakujibu ndiyo, ukimuuliza kama hajaelewa atakujibu ndiyo, na ukimuuliza kama jua limezimika atakujibu ndiyo, tena kwa wimbo. Nilipaswa kuwa nimeizoea.

Kati ya waliokuja kulikuwa na binti wa darasa la tano anayetokea Mwandiga. Watu wao walitoka Burundi, kaskazini ya ziwa hili hili. Alikuwa na shingo ndefu na sauti nzito kuliko umri wake, na kila Jumamosi alikuja akikokota wadogo zake na watoto wa majirani, msafara mzima, viatu mkononi ili visichakae njiani. Wakifika mlangoni wananawa mikono kwenye ndoo bila kuambiwa, maana wengi wametoka kula mihogo na mawese, na mawese yakigusa karatasi hayatoki tena mpaka kiama. Halafu wanaingia mmoja mmoja, “Shikamoo mama, shikamoo mama, shikamoo mama,” mpaka mimi mwenyewe nachoka kuitikia marahaba.

Kwenye ule mkeka kulikuwa na kitabu kimoja nilichokiweka pembeni kabisa kwa akili zangu za kitaalamu. Kilikuwa kinene, herufi ndogo, ndani hakina picha hata moja. Juu tu ndiyo kulikuwa na mtumbwi wa njano kwenye maji ya kijani. Kilihusu mtoto anayevushwa ziwa na watu asiowajua, amefichwa chini ya nyavu. Mimi nilikuwa nimeshakisoma nyumbani, nikakipenda, nikasema pole yake, hakuna mtoto atakayekigusa.

Binti wa Mwandiga akakichukua siku ya kwanza. Akakaa chini, akaanza kuwasomea wenzake kwa sauti. Anasoma Kiswahili cha kitabuni, anasimama, anawageuzia wadogo kwa Kirundi, na wale wa Kiha nao wanafuata kwa sababu lugha hizo ni ndugu. Watoto waliokuwa kwenye vitabu vya picha wakaanza kusogea, kwanza kwa macho, halafu kwa makalio. Jumamosi ya pili walikuwa wamemzunguka wote. Adhana ya adhuhuri ikalia, wale wa madrasa wakawa wanatazamana nani aanze kuinuka, na hakuna aliyeinuka mpaka nilipowafukuza mimi. “Haya, mtaniletea babu zenu hapa!”

Nilimsogelea siku hiyo wakati wadogo zake wanatafuta viatu vyao. Walikuwa wamefika mahali ambapo injini imezima katikati ya ziwa na maji yanaingia.

“Unajua mimi nimeshakimaliza?” nikamtania. “Nikuambie kama wanafika?”

Akanishika mkono, jambo ambalo watoto wa huku hawalifanyi kwa mtu mzima wasiyemzoea. “Usiniambie, mama. Tafadhali.” Halafu akaangalia chini. “Mama yangu alivuka hivyo hivyo, mimi niko tumboni. Nikimuuliza walivukaje, anasema tulifika, basi. Hasimulii. Nataka nikisome chote mwenyewe.”

Mimi ni mtu wa kufoka lakini machozi yangu yako karibu pia. Nikamwambia nenda mwanangu, utakisoma chote. Nikaenda stoo kujifanya natafuta ufagio.

Ikafika Jumamosi ya kupiga kura. Niliwagawia maharage, nikawaambia kura ni siri, kila mtu apite peke yake na hakuna kuchungulia wala kuulizana, hata mimi sitauliza mtu. Nikageukia ukuta, nikawasikia tu wakipita na vile visauti vya maharage kwenye plastiki. Nilikuwa na furaha kama ya sikukuu. Watoto walipoondoka, nikageuka kuangalia vikombe.

Kikombe cha kijitabu cha ufugaji wa kuku kilikuwa kimejaa mpaka maharage yamemwagika mkekani. Kilichofuata ni kile cha kupiga mswaki. Kilichofuata ni kile cha mawaidha kwa vijana, chenye picha ya kijana aliyevaa tai kama anakwenda kuozwa, na ambacho nina hakika hakuna aliyekifungua, kwa sababu kurasa zake za katikati zilikuwa bado zimeshikana kutoka kiwandani. Kikombe cha mtumbwi wa njano kilikuwa kitupu. Nilikiinua nikakigeuza juu chini, ati labda kuna harage limenata. Hapakuwa na kitu. Hata harage bovu!

Nikakaa chini pale mkekani. Akili iligoma. Hawa hawa watoto niliowafukuza kwa nguvu wakaswali? Nikafikiri labda kuna mkubwa amewatisha. Nikafikiri labda wamegeuza vikombe wakati nimetazama ukuta, lakini vikombe vilikuwa pale pale nilipoviweka. Nikafikiri labda wazazi wao wamewaambia mradi wa kuku unalipa. Mwisho nikafikiri jambo lililoniuma zaidi, kwamba labda mimi sijui watoto kabisa, kwamba miaka yote hii nimekuwa nikitazama vichwa vimeinamia kitabu na kudhani wanakipenda, kumbe wanasinzia.

Mkuu alipita akaviona vikombe, akafurahi mno. “Umeona? Watoto wana akili. Kuku ni maisha. Chema chajiuza!” Nikamjibu ndiyo mkuu, kwa sauti ile ile ya watoto. Jumamosi iliyofuata niliwauliza wote kwa pamoja, yeye akiwa amesimama mlangoni, kama kweli ndivyo walivyovitaka vitabu vile. “Ndiyoooo!” Kumuuliza mmoja mmoja nilishindwa, nilikuwa nimeapa kwamba kura ni siri, na mimi sivunji sheria niliyoitunga mwenyewe hata ikinila. Binti wa Mwandiga hakuimba na wenzake. Alikuwa ameanza kusoma mahali walipoishia, mbio mbio, lakini mdogo wake mmoja alikuwa na homa, ikabidi aondoke naye kabla hawajafika mbali.

Muuza vitabu akarudi katikati ya wiki. Tulikuwa tumesimama barazani, yeye anafunga kamba boksi la vitabu vinavyorudi, mimi nimenuna, binti akatokea na sare zake za shule, amepitia moja kwa moja kutoka darasani. Akasalimia, akatazama boksi.

“Mama, hilo linakwenda wapi?”

“Linarudi Dar es Salaam.”

“Na ule mtumbwi?”

“Umo humo humo ndani.”

Sijui nieleze vipi uso wake. Ulianza kama wa mtu anayetaka kucheka utani, halafu ukakosa pa kwenda. “Lakini hatukuupa harage,” akasema. “Hata mmoja wetu. Niliwaambia wote wasiupe.”

“Ndiyo unarudi sasa! Si mmeukataa wenyewe?”

“Hatukuukataa! Tulitaka ubaki mkekani.” Akaishika kamba ya boksi. “Mlichokichagua si ndicho mnachokifungia?”

Akanyoosha kidole kupitia mlangoni, mpaka ofisini kwa mkuu, kwenye kabati la kioo. Nikalitazama kana kwamba ndiyo kwanza naliona. Ndani yake mlikuwa na vitabu vyetu vizuri kuliko vyote, vyenye picha za wanyama na nyota na mwili wa binadamu, vimesimama wima, vimevalishwa nailoni, vinang’aa. Watoto huja kuvitazama wamekunja mikono nyuma. Sikumbuki mtoto aliyewahi kugusa hata kimoja.

Na akaendelea kunieleza, kwa heshima, mama akieleweshwa na mtoto. Shuleni kwao vilikuja vitabu vizuri, wakachagua vizuri zaidi, vikawekwa ofisini kwa mwalimu mkuu visije vikachafuka. Kwao Mwandiga kuna sahani zenye maua, zimo kabatini, anakula mgeni, wao wanakula kwenye bakuli za plastiki. Kwa jirani kuna kochi limefunikwa kitambaa, halikaliwi. Kwa hiyo niliposema kitabu mnachotaka kichaguliwe, walielewa vizuri kabisa. Walikaa wakajadiliana nje kwenye ngazi, wakavichagua vile ambavyo hata vikifungiwa hakuna atakayeumia. Kuku, mswaki na kijana wa tai.

Nilicheka mpaka nikashika nguzo. Halafu kicheko kikakata, kwa sababu hata mimi nyumbani kwangu ninazo hizo sahani.

“Kaka, fungua boksi,” nikamwambia muuza vitabu.

“Dada yangu, nimeshalifunga, angalia kamba hii…”

“Fungua kabla sijafungua mimi!”

Akafungua. Nikautoa mtumbwi wa njano, nikatoa na vingine nilivyokumbuka kuwaona wakivigombania, nikampa kuku wake na mswaki wake na bwana harusi wake. Mkuu akatoka kuuliza kuna nini, nikamwambia kura zimehesabiwa upya. Binti nikamwambia, “Nakuahidi, hiki hakifungiwi. Jumamosi utakikuta mkekani.”

“Kweli, mama?”

“Kweli. Mimi ni mtu mzima.”

Jumamosi akaja na msafara wake wote, wameshanawa mikono, na kitabu hakikuwa mkekani.

Kilikuwa kabatini. Mkuu alikuwa amevipiga muhuri vitabu vyote vipya, akavivalisha nailoni kwa mikono yake mwenyewe, kazi ya jioni nzima, akavisimamisha nyuma ya kioo kwa mstari mnyoofu. Akaniambia, kama anayemkumbusha mtu jambo ambalo hata mtoto analijua, kwamba kitu kipya hakitumiki kabla hakijazinduliwa. Mgeni rasmi ameshaombwa. Ni suala la siku chache tu.

Nikamgeukia jamani, nisiseme uongo. “Mkuu, mtu akakupikia pilau, halafu akaifungia kabatini uitazame?”

“Lakini nawatunzia wao hao hao,” akasema, na hapo mnielewe, macho yake yalikuwa ya mtu aliyeumia. “Unajua mimi nimesoma kwa kitabu kisicho na jalada, kisicho na mwanzo wala mwisho? Nataka wao wavikute vizima.” Hasira yangu ikabaki imesimama katikati ya sebule kama mgeni asiyejua akae wapi.

Mgeni rasmi akapata safari ya Dodoma. Akarudi, akapata msiba. Msiba ukaisha, mvua ikanyesha ikasomba kipande cha barabara alikotakiwa kwenda kwanza. Jumamosi zikapita. Binti akaendelea kuja. Hakunilaumu, hakununa, hakunikumbusha ahadi. Ananisalimia “shikamoo mama” kama zamani, na shikamoo ile ilinichoma kuliko matusi ya sokoni. Halafu anawakalisha wadogo chini ya kabati, na wanautazama mtumbwi kupitia kioo. Nilimwambia mara moja niko tayari kumsimulia mwisho. Akatikisa kichwa. Nikawa naenda kazini nimechanganyikiwa, sijui nimpigie nani kelele. Mkuu anapenda vitabu, watoto wanapenda vitabu, mimi napenda vitabu, na katikati ya mapenzi yote hayo vitabu havisomwi. Ni ushirikina gani huu?

Hatimaye siku ikapangwa ikasimama. Turubai likafungwa uani, viti vya plastiki vikaletwa, spika zikapiga muziki mpaka madirisha yakatetemeka. Mshereheshaji akapiga soga zake. Mgeni rasmi alikuwa mama mnene mchangamfu, kanga mabegani, anayependa watoto kwa dhati, unamwona tu. Vitabu vilitolewa kabatini, vikapangwa mezani kwenye kitambaa cheupe, watoto wakakalishwa mbele mkekani. Niliona binti wa Mwandiga akimnong’oneza wa kwanza, wa kwanza akamnong’oneza wa pili, na mnong’ono ukaenda mstari kwa mstari, kwa Kirundi na Kiha na Kiswahili, mpaka nyuma. Nikadhani anawaambia wakae vizuri.

Mgeni rasmi akasimama, akainua kitabu kimoja juu, bahati ikawa ule mtumbwi. Akauliza kwa ile sauti inayopanda, ambayo kila mtoto wa Tanzania anajua jibu lake kabla ya swali.

“Watotooo! Vitabu hivi mnavipendaaa?”

“Hapanaaaa!”

Muziki wa spika ukazimwa na mtu. Mgeni rasmi akacheka kidogo, akadhani hawajasikia. “Nasema hivi, vitabu hivi ni vizuri au vibaya?”

“Vibayaaaa!”

“Mngependa tuviweke wapi?”

Hapo wakakosa jibu la pamoja, kila mmoja akasema lake, na katoto kamoja ka mbele kakasema kwa sauti nyembamba, “Popote tu.”

Mshereheshaji aligeuza geuza karatasi yake ya ratiba. Mkuu wangu alikuwa anatokwa jasho, shati limetoka nje ya suruali, na mimi nilisimama pale na sinia la vitafunwa nisijue nilie, nicheke au nimshike mtoto wa watu masikio. Kwa dakika ile nilivurugika kabisa. Nilidhani wamevichukia kweli, kwamba tumewangojesha mpaka penzi limechacha. Halafu nikamtazama binti. Alikuwa ametazama mbele, uso mkavu, mikono mapajani, kama mwanafunzi anayesubiri kusahihishiwa hesabu anayojua amepata.

Kwaya ikasukumwa mbele kuokoa jahazi, wakaimba, watu wakala, mgeni rasmi akaondoka akisema watoto wa siku hizi ni wawazi, jambo zuri. Mkuu alibaki amesimama mbele ya meza. Akavikusanya vitabu, kimoja juu ya kingine, bila kuvipanga kwa ukubwa kama alivyozoea. Akavibeba mpaka chumba cha watoto, akaviachia mkekani vikaanguka vibaya vibaya.

“Waachie tu,” akaniambia, sauti imekauka. “Wavichezee. Kumbe tulijisumbua bure.” Akaenda kusimama mlangoni, ametupa mgongo, anajifuta uso kwa leso.

Watoto hawakuvirukia. Walikaa wakitazama pembeni, kama paka anayejifanya hajaona samaki. Halafu binti akanyoosha mkono polepole, akauchukua mtumbwi wa njano, akaufungua. Hakutafuta ukurasa. Alijua ulipo.

Nikachuchumaa karibu yake, nikamnong’oneza, “Mwanangu, hivi ni kweli hamvipendi?”

Alitazama kwanza mlangoni, kwenye mgongo wa mkuu. Kisha akanijibu, akianza na hapana ya Kirundi, kwa sauti ya kutosha kusikika hadi kule.

“Oya, mama. Hatuvipendi hata kidogo.”

Halafu akateremsha sauti, akaweka kidole chini ya mstari ambapo injini imezima, na wadogo wakasogeza vichwa.